Kimya cha Kuchoma Vyungu

Nilipoalikwa Japani kuonyesha vyungu vyangu, wenyeji walinipeleka kijijini kwa mfinyanzi mmoja mzee. Tulimkuta amesimama mbele ya tanuri lake, mikono nyuma. Nikamsalimu. Hakugeuka. Binti aliyekuwa akinitafsiria akaona haya.

"Samahani, mama, huwa si mtu wa hivi."

"Mwache, mwanangu. Tukae tu."

Moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa, kwa maana salamu ile isiyojibiwa ilikuwa imenirudisha kwetu, milimani juu ya Same.

Nilipokuwa mtoto, Mwingereza ndiye aliyetawala, na bwana shauri, mkuu wa wilaya, alipanda kwetu kwa miguu, wapagazi wakimbebea hata kitanda. Bibi yangu alikuwa mfinyanzi. Kwetu kazi hiyo ni ya wanawake. Mwanamume hagusi udongo ule. Siku ya kuchoma, vyungu vilipangwa uwanjani, vikafunikwa kwa kuni na majani makavu, na tangu moto uwashwe hadi vyungu vitolewe, hakuna aliyefungua mdomo. Ukitaka kukohoa, ulikwenda migombani. Tulisikia moto tu, na maji ya mfereji yakipita shambani. Jikoni makande ya mahindi na maharage yaliiva peke yake, na harufu yake ilitutesa sisi watoto, kwani hata kuuliza kama yameiva hatukuruhusiwa.

Bibi alichelewa kumjua Kristo. Mwaka ule alikuwa katika mafundisho ya ubatizo, pamoja na vijana waliomtania kila aliposahau jibu, na Jumapili iliyokuwa ikija ndiyo angebatizwa. Aliingojea kama bibi arusi. Siku chache kabla, tukiwa tunachoma, mwinjilisti aliyekuwa akiwafundisha akapita uwanjani.

"Shikamoo, bibi!"

Bibi akatazama moto. Mwinjilisti akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Bibi akaongeza kuni.

"Kumbe bado mnauabudu moto! Na Jumapili unataka maji ya ubatizo?"

Akashika njia ya kanisani. Niliona machozi ya bibi yakishuka, lakini hakumwita.

Jioni bibi aliitwa kwa mchungaji, nami nikamsindikiza. Njia nzima alinishika mkono kwa nguvu, kana kwamba mimi ndiye mkubwa. Tulimkuta mwinjilisti ameshaketi, uso umemkunjamana.

"Mkikaa kimya pale," mchungaji akauliza, "mnazungumza na nani?"

"Zamani sikujua, baba. Mama yangu alinyamaza, nami nikanyamaza. Siku hizi namwomba Mungu visipasuke."

"Na vikipasuka?"

"Namshukuru kwa vilivyobaki. Halafu nawagombeza wajukuu."

Mchungaji alicheka hadi akavua miwani. Mwinjilisti naye akashusha pumzi. "Bibi, mimi nilidhani umeikana imani."

"Marahaba, mwanangu," bibi akamjibu. "Ile ya mchana."

Jumapili alibatizwa kwa maji yaliyoletwa katika mtungi uliochomwa siku ile mwinjilisti alipopita. Nilipoona yule mama mzee anainuka na matone usoni, nilijisikia kama aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani.

Mfinyanzi wa Japani naye, alipomaliza kuziba mdomo wa tanuri, aligeuka, akainama sana, akatukaribisha wali uliopikwa pamoja na maharage mekundu. Nilikula nikicheka: makande yetu, ila mahindi hayakualikwa. Na katika kumbi za maonyesho, kule na katika nchi nyingine nilizopelekwa, nimeona watu wakishusha sauti mbele ya vyungu vyangu, nikamkumbuka bibi.

Uwanja wetu sasa umeota magugu. Gulioni Same ndoo za plastiki zimepangwa hadi barabarani, na wanawake waliokaa kimya pale wote wamelala. Nimebaki mimi, nachoma nyuma ya nyumba. Mjukuu wangu huniamkia tangu njiani, kisha akiuona moshi hukaa chini, akangoja. Mungu ashukuriwe kwa kilichobaki. Vyungu vikishatoka ndipo nami humwitikia, naye papo hapo huniuliza kama makande yameiva.