Fimbo Iliyoanguka Studio Namba Mbili

Kwanza waling'oa safu ya nyuma ya viti. Hakuna aliyetangaza lolote. Jumatatu tuliingia studio tukakuta mashimo ya skrubu sakafuni, na vipande vya zulia ambavyo havijawahi kukanyagwa vikiwa bado na rangi yake ya zamani. Baada ya muda ikaondoka safu nyingine. Denzil Pascoe alipanda ngazi, akasimama juu ya mashimo yale huku mikono iko mifukoni, kisha akaniita.

"Dada Thea, njoo uone. Panya wa siku hizi wanatembea na bisibisi."

Nilicheka. Yeye hakucheka, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Kazi ya Denzil ilikuwa kuchangamsha hadhira. Kipindi chetu kiliitwa Povu, cha ndugu wawili wajane wenye duka la kufulia nguo, na kilirekodiwa kama vichekesho vilivyorekodiwa tangu utoto wangu: seti ya kuta tatu, na pale palipostahili kuwa ukuta wa nne wamekaa watu wa kweli, waliokuja kwa basi kutoka Slough au Basingstoke baada ya chai ya mapema. Vicheko vilivyosikika majumbani vilikuwa vyao. Denzil alitoka mbele yao kabla ya waigizaji, na akarudi kila kamera zilipohamishwa au mtu aliposahau maneno, asiwaache wapoe. Mimi nilikuwa mtunza mavazi. Kila Ijumaa nilisimama ubavuni mwa seti, sindano imechomekwa ukosini, nikimtazama.

Alizaliwa Redruth, kule Cornwall, kwa baba mchimba bati na mama mpiga kinanda wa kanisa. Machimbo yalipoanza kufungwa alikwenda kwenye kambi za likizo za pwani, akachekesha familia zilizolipia jua zikapata mvua. Huko, alisema, alijifunza kwamba mtu aliyelowa ndiye mgumu kuliko wote kumchekesha, na ndiye mwenye shida zaidi ya kucheka. Televisheni haikuwahi kuonyesha uso wake. Loveday, mkewe, alikuwa akisema kwamba ameolewa na mtu mashuhuri asiyejulikana hata na muuza maziwa.

Alikuwa na taratibu zake. "Hadhira ni kuni za Novemba," aliniambia. "Mbichi. Ukizipuliza zote utaishiwa pumzi. Tafuta kiberiti." Kiberiti ni yule mmoja ambaye kicheko chake huwasha wenzake. Chetu kilikuwa Bi Winifred Tolley, mstaafu wa posta mwenye goti bovu, aliyeomba tiketi kila msimu na kucheka kama bata anayefukuzwa bustanini.

Utaratibu wa pili aliushika kuliko sala. Mchangamshaji hapaswi kuwa mcheshi kuliko kipindi chenyewe. "Ukiwashibisha wageni kwa kuonjesha, karamu ataila nani?" Kwa hiyo hadithi yake bora, ya Mjomba Cyril na jeneza, aliificha kama watu wanavyoficha chupa nzuri. Nilikuwa nimeisikia mara mbili tu, siku umeme ulipokatika na siku mwigizaji alipozirai.

Magazeti yalikuwa yakiandika kwamba vicheko vyetu ni vya kopo, yaani vimerekodiwa kwingine, vya kufunguliwa na kumwagwa. Katika baa iliyo karibu na studio, mtu akirudia maneno hayo, Denzil alimwendea hadi mezani.

"Kopo gani? Nionyeshe kopo! Ile ni sauti ya Bi Tolley, bwana. Kopo gani lina goti bovu na kadi ya basi?"

Watu walicheka, wakamnunulia bia. Ila waliorudia maneno yale waliongezeka, na viti vilizidi kupungua.

Ijumaa ya mwisho wa msimu ukumbi ulikuwa wa baridi. Mtu alikuwa amezima mabomba ya joto upande wa hadhira, na fundi aliyepigiwa simu hakufika. Mtayarishaji wetu, Rosalind Achurch, alimshika Denzil mkono kwenye korido, mbele ya mlango wa chumba changu.

"Whitlock anakaa safu ya tatu leo." Tobias Whitlock alikuwa mkuu mpya wa vichekesho, mtu wa viatu vyeupe. "Amesema wazi. Wakicheka, tunabaki na hadhira. Wasipocheka, msimu ujao tunarekodi bila watu."

"Bila watu? Nitamchangamsha nani, kamera?"

"Denzil. Fanya kama kawaida tu."

Rosalind alipoondoka nilimkazia Denzil kifungo cha koti.

"Loveday naye kasema hivyo hivyo asubuhi. Kama kawaida, usimwage kapu lote."

"Basi msikilize mkeo."

"Namsikiliza, dada. Tangu nimuoe sifanyi kingine."

Alitoka. Kwa muda kidogo mambo yalikwenda sawa, Bi Tolley akashika, safu mbili za mbele zikashika naye. Lakini Whitlock alikaa amekunja mikono, mwanga wa simu unampiga kidevuni. Nilimwona Denzil akimtazama, akimtazama tena, na nikajua amekwisha rudi kambini, na kwamba ukumbini amebaki mtu mmoja tu aliyelowa. Akatoa kichekesho cha mbwa wa mchungaji, ambacho si cha kufungulia. Akatoa cha hospitali. Whitlock akaweka simu mfukoni. Nilimpungia Denzil mkono kutoka pembeni, wala hakugeuka.

"Nilikuwa na mjomba Redruth," akaanza, na nikashika pazia. "Cyril. Bahili mpaka kivuli chake anakikunja akifika nyumbani. Akaona jeneza la bei nafuu, akalinunua kabisa, akaliweka nyuma ya mlango wa jikoni. Mkewe analalamika, jikoni padogo! Mjomba akasema, basi litumie. Akalijaza viazi. Oktoba mjomba akafa. Anakuja mzishi, kofia mkononi, anasema, mama, tunamzika lini? Mkewe anafungua kifuniko, anachungulia, anafunga. Anasema, 'Mwanangu, mpaka Pasaka. Viazi bado vingi.'"

Sijasikia tena ukumbi ukianguka kwa kicheko namna ile. Bi Tolley alijipinda, fimbo yake ikamtoka mkononi, ikapiga ngazi moja, ikapiga ya pili, na mlio ule ukawachekesha upya. Whitlock alikuwa anafuta macho kwa tai yake. Denzil akanigeukia, uso unang'aa kama wa mtu aliyemwokoa mtoto mtoni.

Mimi nilikuwa nawatazama watu. Walikuwa wameegemea viti. Walifuta miwani, walishusha pumzi ndefu, kama watu wanavyofanya baada ya chakula cha mchana cha Jumapili.

Taa ya kurekodia ikawaka. Ndugu mkubwa aliingia dukani amevaa gauni la mteja, jambo lililokuwa limewavunja mbavu hata mafundi siku ya mazoezi. Alisimama, akasubiri kicheko. Mtu alikohoa. Waigizaji wakaanza kupaza sauti, na kadiri walivyopaza ndivyo ukumbi ulivyozidi kunyamaza. Kamera zilipohamishwa Denzil alikimbia mbele bila chochote mkononi.

"Mnaendeleaje, wapenzi?"

"Tumeshiba, mzee!" mwanamume mmoja akajibu kutoka nyuma. Hapo walicheka, kidogo.

Mwishoni Whitlock alimpa mkono kando ya seti. "Sijacheka vile tangu nikiwa mdogo. Wewe ndiye ungepewa kipindi."

"Kipindi kipo, bwana. Ndicho ulichokiona sasa hivi."

"Aa," Whitlock akasema, akivaa koti. "Hicho."

Wiki zikapita, simu ya kutuambia uamuzi haikulia. Jioni ya kurushwa kwa kipindi kile nilialikwa kwa akina Pascoe, Feltham. Loveday alikuwa ameoka sambusa kubwa za kwao, za nyama na viazi. Ndugu mkubwa akaingia dukani na gauni, na televisheni ikalipuka kwa kicheko.

"Si unaona!" Loveday akampiga Denzil begani. "Na wewe ulivyojitesa! Walicheka!"

Denzil alishika uma hewani. "Yule ni Bi Tolley."

"Si ndiye kiberiti chako?"

"Hapo hakucheka, Loveday. Hapo alikuwa anatafuta miwani yake."

Tukasikiliza. Wakacheka tena, kicheko kikubwa, bata yule yule, na chini yake, kwa mbali, kitu cha mbao kikapiga ngazi moja, kisha ya pili. Loveday hakujua ni nini. Sisi wawili tulijua. Kabla ya kipindi kuisha fimbo ile ilianguka mara nyingine, na nyingine, na sambusa zikapoa sahanini.

Denzil alimpigia Rosalind palepale, na sauti ya mama yule niliisikia kutoka kwenye kiti changu.

"Maikrofoni zilikuwa wazi, zikinasa vicheko vyote tangu ulipoanza kuongea. Ningefanya nini? Nilikuwa naokoa kipindi."

"Umekiokoa?"

"Tumepewa msimu mmoja. Bila viti. Whitlock anasema vicheko tunavyo vya kutosha."

Denzil aliweka simu chini polepole, akaipangusa kwa kiganja kana kwamba ameichafua.

Msimu ule nilishona peke yangu. Ukuta wa nne ulijengwa kweli, wa mbao, na ndugu wawili wale walisema maneno yao na kusubiri kimya ambacho mtu angekuja kukijaza baadaye. Bi Tolley aliandika kuomba tiketi, akajibiwa kwamba hazitolewi.

Nilimwona Denzil baa ile mara moja tu baadaye. Alikuwa amekuja kunichukua twende kula na Loveday. Povu lilikuwa likionyeshwa kwenye televisheni iliyo juu ya kaunta, na kijana mmoja mwenye koti la mvua akamwambia mwenzake, "Zima hilo, bwana. Vya kopo vile."

Watu waliotufahamu wakageuka kumtazama Denzil, bia zao tayari, wakisubiri. Hata mwenye baa aliacha kupangusa.

Denzil alitazama meza. Akavaa kofia, akanifungulia mlango. Nyuma yetu, juu ya kaunta, fimbo ikaanguka.