Niliporudishwa Kitini Siku ya Krismasi

Mchungaji alikuwa ametuambia, sisi tuliongojea kubatizwa siku ya Krismasi, kwamba wiki ile ya mwisho tujilinde. Tusikubali kelele za sikukuu zituibie sikukuu yenyewe. Tuamke mapema, tusome, tunyamaze. Kunyamaza hakukuwa jambo gumu kwangu. Tangu nimalize shule ya msingi na kubaki nyumbani hapa Kanja, siku nzima inaweza kupita bila mtu kusikia sauti yangu, isipokuwa ng'ombe.

Kisha shangazi akaja kutoka Nairobi.

Ni dada mkubwa wa baba. Huja kila Krismasi na watoto wake, na spika ambayo huwekwa dirishani ikaelekezwa kwenye shamba la kahawa, kana kwamba kahawa ndiyo itakayocheza. Mama humwogopa. Mimi na yeye hatupendani, na hilo silisemi kwa utani. Tangu nikiwa mdogo huniita "Jiko," kwa sababu ndiko anakonikuta. Mimi ndiye ninayesukuma chapati za nyumba nzima na za majirani watakaopita. Krismasi iliyotangulia nilisikia nyimbo za kanisani kutoka ng'ambo ya bonde, nikiwa nimeinamia karai.

Wiki hiyo nilijaribu kusali nyuma ya zizi. Akanipata huko.

"Ala, mtakatifu! Unaombea mbuzi asichinjwe?"

Watoto wake wakacheka. Nikafunga Biblia. Jioni alimwambia mama, nikiwa papo hapo, "Huyu wako atazeekea hapa. Haongei, hana masomo, sasa anataka kuwa sista."

Mama akaendelea kuchambua maharagwe.

Siku ya mkesha nilisukuma chapati zote mapema, ili asubuhi asiwepo wa kunishika. Lakini asubuhi ya Krismasi nilipoenda kuchukua kitambaa changu cheupe cha kichwani, ambacho kila mwenye kubatizwa aliambiwa aje nacho, hakikuwa kwenye msumari. Nilikuwa nimekifua na kukipiga pasi ya makaa. Nilikikuta kwenye sufuria, kimefungiwa chapati, kimeloa mafuta.

"Anti, hiki ni cha ubatizo."

"Chapati zingekauka. Si uvae kingine?"

"Sina kingine."

"Basi baki. Yesu atazaliwa tu hata usipoenda. Na unga umebaki, wageni ni wengi."

Nilikikung'uta, nikakifunga kichwani hivyo hivyo, nikaenda. Njia nzima nilikuwa nikimjibu. Maneno ambayo sijawahi kuyatoa mdomoni yalikuja yenyewe, na kila nilipopata lililo kali zaidi nilirudia kulisema. Nilifika kanisani sijui nimepita wapi. Nyimbo ziliimbwa, sikumbuki hata mmoja. Habari ya hori la ng'ombe ilisomwa, na mimi nilikuwa nikinusa mafuta ya kupikia.

Tukaitwa mbele. Kwetu mtu hamwagiwi maji akiwa na kinyongo. Mchungaji humwuliza kila mmoja, mbele ya watu, kama amewasamehe wote waliomkosea. Watu hujibu ndiyo, kama wanavyojibu salamu. Walionitangulia walijibu ndiyo. Akanifikia.

"Bado," nikasema.

Alidhani sauti yangu haikutoka. Akanisogezea maikrofoni.

"Bado."

Safari hii nilisikika hadi nje. Mtu mmoja upande wa akina mama akacheka.

"Ni jambo la leo?" mchungaji akaniuliza polepole.

"La leo na la zamani."

"Unaweza kumsamehe sasa hivi, mwanangu, tuendelee."

Nilijaribu pale pale, macho yakiwa yamefungwa. Nilichokiona ni meno ya shangazi akicheka. Nikatikisa kichwa. Akaniwekea mkono begani, akasema nirudi kitini, tutaongea kabla ya Pasaka.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Shangazi alikuwa mlangoni.

"Umetaja jina langu kanisani?"

"Sikutaja."

"Na mbona wamejua? Kanja yote inajua! Unaniaibisha kwa sababu ya kitambaa?"

"Si kitambaa, anti."

"Ni nini basi? Leo si umejua kuongea? Ongea!"

Nikaongea. Nilisema yote, ya miaka yote, mama akiwa amesimama na mwiko mkononi. Mtoto mmoja akazima spika. Sikumtukana. Niliponyamaza alisema, "Umemaliza?" akaingia ndani. Hakuniomba msamaha, na mimi sikumpa. Tulikula nyama ya mbuzi tukiwa tumepeana mgongo.

Aliondoka kesho yake bila kuniaga.

Siku hizi kila asubuhi ninapoanza kusali humtaja yeye kwanza. Mara nyingi siendi mbele zaidi ya hapo, kwa sababu hasira hunipanda. Jumapili iliyopita mchungaji alinisimamisha baada ya ibada, akaniuliza kama niko tayari.

"Bado," nikamwambia.

"Pasaka iko karibu."

"Najua," nikasema.