Mama Shukeni wa Darajani

Tangu mafundi waone kwamba vyuma vya daraja la juu ya reli vimeliwa na kutu, mabasi hayaruhusiwi kuvuka yakiwa na watu ndani. Abiria hushuka, huvuka kwa miguu, kisha hupanda tena ng'ambo. Anayewashusha ni mama mmoja mwenye bendera nyekundu, na kwa kuwa hambembelezi mtu, makondakta wamembandika jina la Mama Shukeni.

Siku moja abiria wote walishuka isipokuwa mgonjwa mmoja aliyetoka hospitali. Alikuwa mama mzazi wa Mama Shukeni mwenyewe.

"Huyo mwache, Mama Shukeni," kondakta alisema. "Hata kuku anamzidi kilo."

"Nikimwacha wangu, kesho utanishushia nani?"

Mgonjwa akacheka kidogo. "Mwanangu, mwili huu ndio wa kuvunja daraja?"

"Shuka, mama."

Alijaribu, miguu ikagoma. Binti akamkabidhi kondakta bendera, akachuchumaa, akambeba mgongoni. Alikuwa amejikaza kupokea mzigo, lakini mzigo wenyewe haukuja. Akatembea bila hata kuhema. Treni ilipita chini, daraja likatetemeka, naye hakusikia hofu wala uchungu. Alitamani tu mama amlemee, angalau kidogo.

"Umechoka?" mama akamnong'oneza sikioni.

"Bado, mama."

Basi lilipowafikia, alimketisha kwenye kiti chake, akamfunga vifungo vya sweta mpaka shingoni. Kisha akapokea bendera na kurudi, maana basi jingine lilikuwa limeshafika na abiria walikuwa wanamsubiri awaambie washuke.