Mkaa wa Mama

Binti yangu amenunua dawa ya meno nyeusi, ya mkaa, akaiacha kwenye sinki. Nimeisugua kidogo kati ya vidole, na mara nipo tena kijijini kwetu Vudee, kule milimani, nyuma ya jiko letu.

Miaka ile dawa ya meno haikuonekana dukani. Mama alikuwa na vidonda vya tumbo. Akila makande, kiungulia kilimpanda mpaka akaenda kutapika kwenye migomba, maji makali yanayonuka kama togwa iliyochacha. Aliona aibu kunuka mdomo mbele za watu, kwa hiyo papo hapo aliniita: "Mwanangu, niletee mkaa." Nilikuwa nimeshausaga juu ya jiwe, nikiringia kazi yangu. Alisugua kwa mswaki wa mti mpaka mate yakawa na damu.

Meno yakazidi kuwa membamba, kama kucha. Tukashuka sisi wawili hadi mjini Same. Daktari wa meno alimchungulia kinywani kwa muda mrefu, akamsikiliza.

"Mama, asidi ya tumbo inalainisha meno. Ukishatapika, sukutua kwa maji tu. Ukisugua hapo hapo kwa mkaa, unayamaliza. Na hayaoti tena. Dawa ya tumbo nayo hatuna." Akafunga daftari. "Huo mkaa nani anakusagia?"

Mama hakugeuka kunitazama.

"Nasaga mwenyewe," alisema.

Nilikuwa nimeficha mikono nyuma ya gauni. Vidole vilikuwa bado vyeusi.