Aliyekufa Njinjo

Nurdin alikufa mara ya kwanza Njinjo, kiangazi cha mwaka tisini na tatu, kwenye uwanja wa shule ya msingi, mbele ya watu wasiopungua mia nne. Mkewe nilikuwa mimi. Nilimfunika kanga, nikapiga yowe, na wanawake wa Njinjo wakalipokea wakalia kweli kweli, hata nikasahau maneno niliyopaswa kuyasema baadaye. Mchezo ulipokwisha, akainuka, tukajipanga mstari kuwaaga watu. Bibi mmoja aliyekaa mbele akauvuta mkeka wake akarudi nyuma. Tulicheka njia nzima mpaka Kilwa Masoko, na Nurdin alicheka kuliko sote.

Nataka nieleze jinsi alivyokuwa, kwa sababu watu huku wanamkumbuka Chande, yule mchuuzi wa mitumba wa kwenye mchezo, na Chande alikuwa mshenzi. Nurdin alikuwa mtu wa Pande, mpole, mwembamba tangu kuzaliwa, mwenye mashati mawili aliyoyafua mwenyewe na kuyapiga pasi mwenyewe. Sasa amerudi kwao, anaangalia minazi ya marehemu mama yake. Hakuoa. Sehemu ya sababu ninaijua vizuri kuliko ninavyopenda.

Mimi na yeye tulijuana kwenye kiwanda cha korosho, Lindi. Zamani zile kila kiwanda kilikuwa na kikundi chake cha sanaa. Kwenye daftari la mishahara tuliandikwa wabanguaji, lakini korosho tulizigusa kwa nadra. Kazi yetu ilikuwa ngoma, ngonjera na maigizo kila alipokuja mgeni kutoka juu. Nurdin aliigiza mabepari na walanguzi, na aliwaigiza vizuri mno hata meneja mmoja akamwita ofisini kumuuliza anamsema nani. Halafu likaja soko huria. Walanguzi wakaitwa wafanyabiashara, kiwanda kikafungwa, nasi tukapewa barua. Wenzetu wakarudi mashambani. Mimi nilikuwa na mume, Lukas, fundi cherehani, nisingelala njaa. Nurdin alikuwa na kazi moja tu anayoijua duniani, na hakuna aliyeihitaji.

Mradi wa afya ulipokuja Kilwa ukitafuta waigizaji, tulihamia Masoko wiki ile ile. Mratibu wetu alikuwa Bwana Ignasi, mtu wa kalamu tatu mfukoni. Alituletea mchezo mmoja tu, tukauzungusha vijijini miaka mitatu. Chande anarudi kutoka Dar na marobota ya mitumba na redio kaseti begani. Mkewe amesikia habari za UKIMWI, anamwambia akapime kwanza. Chande anaondoka, anarudi anapepea karatasi yenye mhuri: "Nimepima! Mzima kama chuma!" Mke anainyakua, anaisoma, anakuta ni stakabadhi ya korosho ya chama cha ushirika. Anaichana vipande vinne na kumtupia usoni. Baada ya hapo Chande anaugua, anakonda, anafia kwenye mkeka.

Wazo la stakabadhi lilikuwa la Nurdin mwenyewe. Mama yake alimwachia furushi zima, limefungwa kamba ya katani, karatasi za miaka ambayo ushirika ndio ulionunua korosho zote. Sasa wanunuzi binafsi walikuja na malori yao, na stakabadhi zile hazikuwa na kazi tena. Kila onyesho tulichana moja. Watu waliipenda sehemu ile kupita kiasi, maana nyumba gani ya huku haikuwa na stakabadhi ile juu ya dari? Ilipofika mwaka wa pili hawakunisubiri nisome. Chande akichomoa tu karatasi, uwanja mzima unapiga kelele: "Stakabadhi hiyo! Stakabadhi hiyo!"

Nurdin aliishi chumba kimoja nyuma ya soko. Kitanda cha futi tatu, kioo, jiko la mafuta ya taa. Asubuhi alinyoa ndevu kwa makini, hata siku isiyo na onyesho, kisha akaenda kunywa chai kwa mama ntilie na kusikiliza watu wanavyoongea. Alikuwa akiniambia, "Dada Skola, mimi nina mke Njinjo, nina mke Kikole, nina mke Nangurukuru, na wote ni wewe, na wewe saa kumi na mbili unamrudia Lukas." Alisema kwa utani, nami nilimjibu kwa utani. Siku nyingine aliniuliza kama ninajua kazi nyingine ambayo mtu analiliwa na kijiji kizima halafu anakwenda kujichemshia ugali. Nilimwambia aoe, basi. Nilisema wepesi, kama mtu anayemwambia mwenzake afunge mlango.

Utani ulikwisha pole pole. Kwanza ni vikombe. Tukimaliza onyesho, mwenyeji anatuandalia chai, vikombe vinapita mkono kwa mkono, na cha Nurdin kinakuja peke yake, kimewekwa pembeni kwenye kisahani. Halafu sahani. Pande, kwao kabisa, watoto wa kaka yake walikatazwa kulala chumba alicholala yeye. Aliniambia habari ile akiwa anashona kifungo, wala hakuinua uso. "Wanajua ni mchezo," alisema. "Hawajakosea. Wanajua, na bado."

Ndipo akaja Sada.

Sada alikuwa mjane wa Kikole, mtu wa miaka thelathini na kitu, aliyeleta ufuta Masoko na kufikia kwa shangazi yake, ukuta mmoja na Nurdin. Alisikia mtu upande wa pili anajisemesha kwa sauti tatu tofauti, akaenda kuchungulia amefikwa na nini. Akamkuta anafanya mazoezi, kashika mwiko kama redio. Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo kila akija mjini alimpelekea karanga au kipande cha muhogo, na Nurdin akawa na shati la tatu.

Alichokishika Nurdin kuliko vyote ni neno moja la Sada. Tulipokwenda Kikole mara ya kwanza, Sada alikuwa shamba la mbali, analinda ufuta, hivyo mchezo hakuuona. Alimwambia, "Mie sijakuona ukifa. Nakujua hivi tu." Nurdin aliniambia neno hilo mara nne kwa siku moja. Nilimfurahia. Nasema kweli, nilimfurahia.

Akamtuma mshenga kwa kaka yake Sada, Huseni, ndiye msimamizi wake. Mshenga alikuwa mzee wa mtaani kwetu, na ndiye aliyetuletea majibu, amekaa kwenye kigoda changu na kofia mkononi.

"Alinipokea vizuri," alisema. "Shikamoo yake alinipa, chai nikanywa. Halafu akaniambia, mzee wangu, mtu huyo mimi nimemwona kwa macho yangu akifa Njinjo, na hapa kwetu akafa tena. Nikamwambia bwana, ule mchezo. Akasema najua ni mchezo, mzee wangu, si mjinga mie. Ila mtu hawezi kukijua kifo namna ile kama hajaanza nacho. Na mbona amekonda?"

"Nimekonda tangu nazaliwa," alisema Nurdin.

"Nilimwambia. Akasema basi kaugua zamani."

Kesho yake Nurdin akaenda kwa Bwana Ignasi, akaomba apewe nafasi nyingine. Hata mganga wa zahanati, mwenye maneno sita tu katika mchezo mzima. Bwana Ignasi hakukataa wala hakukubali. Alituita wote ofisini, akatuuliza kama mchezo utasimama bila Nurdin kuwa Chande. Wafadhili wanakuja mwezi ujao, alisema, na mchezo ukilegea sijui kama mradi utaendelea. Kisha akanitazama mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa mkongwe baada ya Nurdin.

Nilikuwa na watoto watatu. Mitumba ilikuwa imemmaliza Lukas. Nani atashonesha shati wakati la Ulaya linauzwa bei ya chai? Nilitazama sakafu. Nilisema, "Kwa kweli hakuna anayekufa kama Nurdin." Watu wakacheka, na mkutano ukaishia hapo. Nurdin naye alitabasamu. Nje alinishika bega akasema nisijali, angekuwa mimi angesema hivyo hivyo. Afadhali angenitukana.

Hakukata tamaa, lakini. Alisikia kuna hospitali bara ambako wanapima damu na kutoa majibu ya maandishi. Siku hizo watu wakilitaja jambo hilo walishusha sauti. Alipanda lori la wanunuzi wa korosho, akakaa juu ya magunia siku nzima, akatolewa damu, akarudi, akangoja wiki tatu, akaenda tena. Wiki zile tatu alikonda kweli. Aliporudi alinionyesha: karatasi nyeupe, jina lake lote, Nurdin Issa Likwalo, umri miaka arobaini na moja, mhuri wa zambarau, na neno moja la Kiingereza lililopigwa taipu. Daktari alimweleza maana yake ni kwamba hana. Aliiweka ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ndani ya shati.

Safari hii alikwenda Kikole mwenyewe pamoja na mshenga. Barazani kwa Huseni walikuta majirani, na wengine wakaongezeka walipomwona aliyekuja. Nurdin aliamkia, akakaa, akasema maneno yake kwa adabu. Akasema amesikia wasiwasi wa kaka mtu na haoni ubaya, kila mtu ana haki ya kumlinda dada yake, ndiyo maana amekwenda kupima. Akaingiza mkono ndani ya shati. Akaitoa karatasi yenye mhuri.

Mshenga aliniambia watu walinyoosha shingo kuitazama. Halafu mtu mmoja nyuma akasema, "Stakabadhi hiyo!"

Baraza zima likaangua kicheko. Wakashikana mikono, wakapigana mabega, mzee mmoja akakohoa mpaka akapigwa mgongoni. Huseni alijikaza kwa sababu mgeni ni mgeni. Aliishika karatasi, akaigeuza mbele na nyuma, midomo ikimtetemeka, na mwisho naye akashindwa. "Samahani, ndugu yangu," alisema huku akifuta macho. "Samahani sana. Wallahi unajua kazi yako." Akamrudishia.

Nurdin aliikunja akairudisha mahali pake. Njiani mshenga alijaribu kumpoza, akamjibu kwamba wale watu hawana kosa, aliwafundisha mwenyewe.

Mwezi wa nane Sada akaolewa na mnunuzi wa ufuta, mtu wa pikipiki. Hakukataa, mjane anayekaa kwa kaka yake hana pa kukatalia. Shangazi yake alileta pilau ya harusi mpaka mlangoni kwa Nurdin. Katika sahani yake peke yake.

Mwezi wa kumi Bwana Ignasi akatupanga Kikole tena. Nilimwambia Nurdin aseme anaumwa. "Nikisema naumwa," alinijibu, "nani atashangaa?" Akapanda gari na sanduku la vifaa magotini.

Uwanja ulijaa. Sada nilimwona mapema, upande wa wanawake, mstari wa pili, kanga mpya, mkononi pete. Nurdin naye alimwona. Aliingia na redio begani, akaringa, akatukana, na watu wakamchukia kama ilivyo kawaida. Tukafika mahali pa kupima. Akatoka, akarudi mbio, akaingiza mkono ndani ya shati.

"Nimepima! Mzima kama chuma!"

"Stakabadhi hiyo!" uwanja ukaitika.

Niliinyakua kwa pupa, maana mkono wangu ulishazoea. Ilikuwa nyeupe. Stakabadhi zetu zilikuwa za manjano, laini kwa uzee. Hii ilikuwa ngumu, na ilitoka kifuani kwake ina joto. Nikasoma, kama mke wa Chande anavyosoma kila siku, kidole kikipita kwenye mistari. Nurdin Issa Likwalo. Arobaini na moja. Mhuri wa zambarau.

Nilimtazama. Nilitaka aniambie amekosea mfuko. Alikuwa amesimama mikono wazi, jasho linamtiririka, uso ni wa Chande kabisa isipokuwa macho. Nyuma yangu kelele zilizidi: "Chana! Mchanie huyo!" Nikageuka, na nikamwona Sada. Alikuwa hajawahi kuuona mchezo ule. Mwanamke wa pembeni yake alikuwa anamweleza sikioni, na Sada anaitikia kwa kichwa. Halafu akaelewa. Akaziba mdomo kwa kanga akacheka, akacheka pamoja na wenzake, mabega yanaruka, kama siku ile ya mwiko.

"Chana, Skola," alisema Nurdin chini chini. Hakusema mke wangu.

Nilichana. Vipande vinne. Nikamtupia usoni, watu wakashangilia, akaangukia mkeka akaanza kuugua. Siku hiyo alikufa polepole kuliko siku zote, na sauti yangu ilipokata katikati ya yowe, wanawake wa Kikole walinimalizia.

Baadaye, wenzetu wakinywa chai, niliokota vile vipande nikavitia kwenye pindo la kanga. Nikafungua sanduku la vifaa kutafuta bahasha. Chini ya redio nililiona furushi la mama yake, limefungwa kamba ile ile ya katani. Nilizihesabu kwa kidole bila kufungua. Hazikuwa zimekwisha. Zilibaki stakabadhi kumi na moja.