Shamba Lililoezekwa Vioo

Bibi Sunnye alikuwa na maoni juu ya kila habari ya mitambo iliyotangazwa kwenye televisheni ya ukumbi wa kijiji, ingawa simu yake mwenyewe alijua kuipokea tu, kupiga hajui. Wanawake tulikusanyika pale majira ya baridi, sakafu ikipashwa moto kwa chini, karata mkononi, chai ya shayiri pembeni. Yeye ni mjane wa miaka sabini na kitu, mgongo umepinda kwa kulima vitunguu. Mimi ni jirani yake. Mume wangu aliponikimbia, Bibi ndiye aliyeniambia tulime pamoja shamba alilokodi kwa mtu aliyehamia Seoul. Hatukuwa na kingine, mimi wala yeye.

Siku moja wakatangaza kwamba wezi wameingia kwenye kompyuta za kampuni ya simu na kuchota siri za wateja.

"Kwangu wameiba nini?" Bibi akasema, akitupa karata. "Wamejua kwamba mwanangu hanipigii? Hilo hata mbwa wa Mama Giyong analijua."

Mama Giyong ni mimi. Tukacheka.

Mtangazaji akaonya watu wasimpe yeyote namba ya siri, hata ndugu.

"Maskini watu wa mjini," akasema Bibi. "Wanaishi bila kuaminiana."

Na wakati huo mihuri yetu, ile midogo ya mti yenye majina, ambayo kwetu Korea ndiyo sahihi ya mtu, yote ilikuwa kwenye droo ya mwenyekiti wa kijiji, Bwana Pyo. Mbolea ya ruzuku ikija, yeye anatugongea. Sisi kusoma hatujui, magoti yanauma, na ofisi iko mbali. Hakuna aliyeona ajabu.

Ikaja habari ya umeme wa jua. Bibi akaupenda.

"Jua halitoi moshi wala halidai mshahara. Wakiweka, waweke."

Hakuna aliyemwambia wataweka wapi. Tulijua baada ya mavuno, nguzo za chuma zilipoanza kukitwa katikati ya matuta yetu. Tukaenda mbio kwa Bwana Pyo.

"Shangazi zangu, mbona mnashangaa?" akasema. "Mlikubali. Mihuri yenu imegongwa kwenye karatasi za kuliachia shamba, ziko wilayani."

"Nani aligonga?" nikauliza.

"Mimi, kama siku zote. Mwenye shamba amepata watu wa sola. Dunia inaungua, Mama Giyong. Kila mtu ajitolee kidogo."

"Wewe umejitolea nini?"

"Usinipandishie sauti. Hata nyumba yangu itayatazama hayo mavioo."

"Wewe utayatazama ukiwa ndani ya gari jipya."

Bibi akanishika mkono. "Pyo, mwanangu, nilikubeba mgongoni ukiwa na surua. Tuombee msimu mmoja tu. Miche iko tayari kitaluni."

Bwana Pyo akatazama saa yake. "Bibi, miche wapeni kuku."

Wilayani karani hakutukaribisha hata kiti. "Muhuri ni wenu, si wenu?"

"Ni wetu, lakini..."

"Basi."

Miche ikaozea kitaluni. Shamba likaezekwa vioo kutoka mtaro hadi mtaro. Majira ya joto Bwana Pyo akatangaza kwa kipaza sauti kwamba wanatafutwa wanawake wa kung'oa magugu chini ya paneli. Bibi akachukua jembe lake.

"Huna haya, Bibi?" nikamfokea barabarani, watu wakisikia.

"Haya ninayo, mwanangu. Ila nikikaa nyumbani nasikia saa ya ukutani tu."

Mimi sikwenda, na sitakwenda. Lakini nikipita pale namwona akitambaa kwenye kivuli, kichwa karibu kigonge chuma. Aking'oa gugu, anauponda udongo kwa vidole, anaulainisha, anauinua kidogo kama tuta, kisha anasogea mbele na kufanya vivyo hivyo. Hakuna kitakachoota pale. Nasimama kumtazama, nataka kumwita arudi nyumbani, na sijui nikishamwita nimwambie arudi kufanya nini.