Msusi na Kura ya Kochini

Mteja aliyekwenda kwa msusi yule alirudi na nywele safi na masikio ya moto, kwa maana mama huyo alikuwa na mdomo. Mwaka ule watu waliruhusiwa kupiga kura kwa simu, na asiyetaka aende kituoni. Mume wa msusi alijitandaza kwenye kochi, ameshika simu ya mkewe. Namba ya siri aliijua.

"Mama watoto, foleni ya nini? Dunia imeendelea! Mama yangu nimeshampigia kura yake, sasa zamu yako."

"Mama mkwe alimtaka nani?"

"Aa, mama anajua nini?"

Msusi akampokonya simu. "Loo! Dume zima linataka kura tatu, na soksi zake halijui kufua! Maendeleo hayo?"

Akaenda kituoni, akasimama juani mpaka visigino vikamwaka. Lakini ndani ya kile kijibanda cha maboksi hakukuwa na mume wala mkwe. Akaweka alama yake taratibu, bila kuchunguliwa.

Jioni mumewe alimzunguka jikoni kama paka. "Mke wangu, umempa nani?"

"Kula ulale, baba watoto."